Herufi Mbili za Kinyaturu: Safari ya Kumtafutia Dada Agatha Kishikwambi cha Kusomea

Mmeniuliza wote, wengine kwa simu, wengine kwa kunisimamisha njiani nikitoka sokoni: mwalimu, uliaga siku tatu ukarudi siku ya kumi na nne, ulikuwa wapi? Nimechoka kueleza nusunusu. Nawaandikia yote kwa mfuatano, ila habari za tiketi na kuomba ruhusa shuleni nitaziruka kwa sababu hazina ladha.

Kwa wasiomjua, Dada Agatha ni dada yangu mkubwa. Amenizidi miaka kumi na minne na anaishi Mungaa, kwenye boma tulilozaliwa. Ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza darasa la kwanza. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na miaka yote ya kazi yake aliwafuata wazee nyumba kwa nyumba, akiandika hadithi zao za Kinyaturu kwenye madaftari. Alipostaafu alinikabidhi sanduku zima. Nilizipiga chapa kwenye kompyuta, likizo baada ya likizo, na nilipomaliza, macho yake yakaanza kuondoka.

Daktari alisema yaliyoharibika hayarudi. Akipata herufi kubwa, na kitu kisichommulika usoni, ataendelea kusoma kwa muda. Muda gani, hakusema. Simu inamtoa machozi baada ya dakika tano. Na bila yeye kuzipitia zile hadithi haziwezi kuwa kitabu, maana mimi niliondoka Mungaa nikiwa mdogo na Kinyaturu changu kina mashimo.

Mwalimu mwenzetu wa hisabati ndiye aliyeniambia kwamba viko vishikwambi vya kusomea tu, vya wino wa kielektroniki, ambavyo kioo chake hakiwaki kama simu bali maandishi hukaa kama yamechapwa kwenye karatasi. Akaniambia Singida mjini yuko mfanyabiashara anayeviagiza. Nikaweka hadithi zote kwenye flashi, nikaifunga kwenye kona ya kanga, nikaondoka.

Itigi hadi Manyoni

Treni ilikuwa ya saa mbili asubuhi. Saa nne tukaambiwa imeshatoka Tabora. Saa sita tukaambiwa imesimama, na aliyetuambia hakujua imesimama wapi.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo na ndoo tatu za asali zilizofungwa mifuniko kwa mpira. Aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda Singida kutafuta kifaa cha kusomea.

Alinitazama kwa heshima mpya. “Kumbe we ni mtu wa umeme?”

“Hapana, mimi mwalimu.”

“Sasa mwalimu anasoma mita za nini?”

Nilicheka hadi abiria wakageuka. Nikamweleza taratibu, nikamweleza na macho ya dada. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akafungua ndoo moja, akachovya kijiko, akaniwekea asali kwenye kipande cha muhogo wa kuchemsha alichokuwa nacho. Ilikuwa asali nyeusi ya vichaka vyetu, nzito, ina uchungu kidogo mwishoni.

“Mama yangu alipofuka,” akasema, “kilichomuua ni kukaa bure. Mtafutie dada yako huyo.”

Treni ilifika saa tisa. Tuliposhuka Manyoni alinipa kichupa cha asali cha kumpelekea Agatha, mtu asiyemjua, na akakataa kabisa nimlipe.

Manyoni hadi Singida mjini

Nililala Manyoni kwa mwalimu mwenzangu, asubuhi nikapanda basi. Tulipata pancha kabla ya Ikungi. Dereva hakuwa na jeki, ikabidi tungoje basi jingine lituazime. Tulikaa kando ya lami kwa saa mbili, kando ya shamba la alizeti zilizokwisha kuinamisha vichwa. Wanawake wawili walitokea wakiuza mahindi ya kuchoma na karanga, na ndani ya muda mfupi safari ikawa kama harusi, kila mtu anamjua mwenzake.

Kutoka pale barabarani Mungaa haikuwa mbali. Nilitamani kuishia pale, nikamsalimie dada kwanza. Lakini ningeenda na nini? Gurudumu lilipobadilishwa, nikapanda basi tena.

Dukani kwa Bwana Salim

Bwana Salim ni mzee wa umri kama wangu, kofia nyeupe, sauti ya chini. Babu yake alitoka pwani akafungua duka Singida, na wao hawakuondoka tena. Dukani kwake kuna simu, redio, taa za sola, na kabati moja la kioo ambalo, aliniambia, analiweka kwa mapenzi tu kwa sababu halimpi faida.

“Karibu bibie. Mwalimu mwenzio alinipigia. Kaa kwanza, unywe kahawa.”

Alitoa kishikwambi chembamba, chepesi kuliko daftari. Juu yake kulikuwa na karatasi yenye picha ya mti, ile wanayobandika kiwandani. Nikaanza kuibandua kwa ukucha ili nione kioo. Haikubanduka. Nikakaza.

“Taratibu, bibie,” Bwana Salim akasema, akizuia kicheko kwa adabu. “Hiyo si karatasi. Hicho ndicho kioo chenyewe.”

Niliona haya, kisha nikashangaa. Nilikitoa nje juani, kwenye lile jua la saa saba, na maandishi yalizidi kuonekana badala ya kupotea. Nikaongeza ukubwa wa herufi mpaka ukurasa ukabeba maneno arobaini tu. Betri yake, alisema, hukaa wiki tatu. Na pesa niliyokuja nayo mfukoni ilitosha bei yake, ningebaki na nauli. Nilijiambia safari imekwisha.

Nikampa flashi. Aliingiza hadithi, akafungua ya kwanza, akanipa.

Lazima niwaeleze jambo moja. Kinyaturu kina irabu saba, kwa hiyo herufi i na herufi u zina ndugu zao, zinazoandikwa kwa kukatwa kimstari katikati. Bila hizo mbili, maneno yanagongana. Kwenye kioo kile kizuri, kila palipotakiwa kuwa na mojawapo palikuwa na kiboksi kitupu. Ukurasa mzima ulikuwa kama mdomo uliong’oka meno.

Bwana Salim aliomba nimpe siku moja. Nikampa mbili. Alibadilisha mafaili kwa njia hii na ile, akampigia mpwa wake aliyeko Dar es Salaam, akajaribu kuingiza fonti nyingine. Kishikwambi kilikataa. Kilitengenezwa hivyo: kinafungua vitabu vya duka lake na mafaili ya aina chache, kwa herufi zilizowekwa na waliokitengeneza, na huwezi kuongeza kitu. Mkewe, Bi Zuhura, alinipeleka nyumbani kula siku zote mbili, kuku wa kienyeji wa kuchemsha na wali, akisema mgeni wa dukani ni mgeni wa nyumbani.

Siku ya pili alasiri Bwana Salim aliweka kile kifaa mezani.

“Bibie, ningeweza kukuuzia. Dada yako angesoma Kiswahili, angesoma Kiingereza. Lakini wewe hukuja kwa hilo. Siwezi kukuuzia viboksi.”

Alikuwa akijua kabisa kwamba hakuna mwingine Singida atakayekinunua mwezi ule.

“Kipo cha aina nyingine,” akaendelea. “Kioo ni kilekile, ila kipo wazi. Unaingiza programu unayotaka, fonti unayotaka, kamusi, chochote. Bei yake ni mara mbili na zaidi. Nimewahi kuuza kimoja tu, kwa dereva wa lori. Kakione kwanza kabla hujaumiza mfuko.”

Akampigia dereva. Kesho yake angepitia Shelui.

Singida hadi Shelui

Kutoka Singida barabara inakwenda kwa upole, halafu ghafla unashuka milima ya Sekenke na joto linakupokea chini. Shelui ni mji wa malori. Nilifika saa tano, nikaenda kwenye kibanda cha mama lishe nilichoelekezwa, nikasema namsubiri dereva anayeitwa Mayunga.

Mama yule akaacha kupuliza moto. “Mayunga wa lori la bluu?”

“Huyohuyo.”

Aliniletea ugali wa mtama na mlenda, akaongeza kipande cha nyama nisichoagiza. Saa nane Mayunga hajafika. Alikuwa kwenye mizani, foleni ndefu. Mama lishe akaja kukaa karibu yangu, akashusha sauti.

“Dada yangu, usiumize roho. Madereva ndivyo walivyo. Mna watoto wangapi?”

“Na nani?”

“Si na Mayunga?”

Nilipomweleza kwamba simjui mtu huyo hata kwa sura, na kwamba nimekuja kuangalia kifaa chake cha kusomea, alijifunika uso kwa upande wa kanga. Kisha akasema, “Ah, ile sleti yake! Mwenzio akiwa hapa hazungumzi na mtu, anasoma mpaka chakula kinapoa. Nilidhani ni kitu cha mizigo.”

Lori la bluu liliingia saa kumi. Aliyeshuka alikuwa mtu mnene, mrefu, mwenye mikono ya kubeba magurudumu. Alipojua mimi ni mwalimu alinisalimia shikamoo, akaenda kunawa mikono kwa sabuni mara mbili, ndipo akapanda kukitoa. Alikuwa amekifunga kwenye kitambaa, juu ya kitambaa mfuko wa plastiki, juu ya mfuko utepe wa mpira aliokata kwenye tyubu.

“Niliachia shule darasa la saba,” Mayunga aliniambia. “Nina miaka kumi na tisa barabarani, mizigo ya Rwanda. Mpakani unaweza kukaa siku nne. Wenzangu wanajua wanachofanya siku hizo nne. Mimi nikaanza kusoma.”

Alinionyesha vitabu alivyomaliza. Sikuweza kuvihesabu. Kwenye kila kitabu alikuwa ameandika pembeni kwa ncha ya kidole maswali, mshangao, maneno ya Kiingereza aliyoyatafuta kwenye kamusi iliyokuwa humohumo. Nimefundisha miaka thelathini na sijui kama niliwahi kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo.

Tukaingiza hadithi. Viboksi vilekile. Lakini Mayunga akasema ngoja, akatafuta fonti kwa simu yake, akaihamishia kwenye kifaa, akakizima, akakiwasha. Ukurasa ukaja taratibu, kama kawaida ya vitu hivi, kwanza mweusi, halafu mweupe, halafu maneno. Herufi zote mbili zilikuwepo, na mistari yao katikati.

Mayunga, Msukuma asiyejua Kinyaturu hata kidogo, akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, mimi nikimrekebisha. Mama lishe aliacha sufuria. Kumbe yeye ni Mnyaturu wa Ikungi. Alipolisikia jina la yule sungura wa hadithi alipiga kelele, akamalizia sentensi kabla Mayunga hajaifikia.

Nikamwuliza Mayunga bila kuzunguka: ninunue cha namna hii?

Alifikiri sana. “Mwalimu, sikudanganyi. Hiki kinakula betri, kila siku ya tatu unachaji. Siku nyingine kinaganda, unabonyeza hiki kitufe hadi uhesabu ishirini, kinaamka. Kinafanya kila kitu, ndiyo maana kinasumbua. Kile cha Bwana Salim hakisumbui kwa sababu hakifanyi mengi. Dada yako anakaa na nani?”

“Peke yake. Majirani wapo.”

“Basi usiamue wewe. Aamue yeye.” Akakifunga kwenye kitambaa, kwenye mfuko, kwenye mpira, akanipa. “Nenda nacho Mungaa. Mimi narudi hapa Jumatano.”

Nilimwambia hanijui. Nilimwambia nimwachie kitambulisho, simu, chochote.

“Mwalimu,” akasema, “siku nne za mpakani zitakuwa ndefu. Kitunze tu.”

Shelui hadi Mungaa

Nilipita Singida, na Bwana Salim naye akaniazima kile chake, ili dada avijaribu vyote. Nilifika Mungaa mchana wa Ijumaa.

Niliingia, nikasema shikamoo dada. Akaitika marahaba akigeuza uso upande ambao sikuwepo. Nyumba ilikuwa safi, uwanja umefagiliwa, na yeye alikuwa amekaa tu, mikono mapajani. Dada Agatha sikumzoea akiwa na mikono mitupu.

Nilimwonyesha kwanza cha bei nafuu, cha Bwana Salim, chenye kitabu cha Kiswahili. Alikisogeza puani, akakirudisha nyuma, akapata mahali pake. Alisoma ukurasa. Akasoma wa pili.

“Hiki kinatosha,” alisema haraka. “Usihangaike. Hizo hadithi utazipitia wewe.”

Nilijua anachofanya: hakutaka niingie gharama. Nilimpa cha Mayunga, hadithi ya kwanza, herufi kubwa. Alianza kusoma bila sauti, midomo ikicheza, halafu akaacha, akarudi nyuma, akasoma tena.

“Veronika.”

“Bee dada.”

“Hapa fisi anamsalimia mkwewe. Wewe umeandika matusi.”

Nilikuwa nimeweka u ya kawaida badala ya ile yenye mstari. Alicheka, akafuta machozi, na sikujua kama ni ya macho au ya kicheko. Tangu saa hiyo hadi jua kuchwa alinipata na makosa kumi na saba. Nilimfundisha kuandika pembeni kwa kidole kama Mayunga. Mwandiko wake ulikuwa umetetemeka, lakini ulikuwa ule ule wa ubaoni.

Hata hivyo usiku mzima maneno ya dereva yalikuwa yananirudia. Jumapili nilikwenda kuchota maji, na niliporudi nilimkuta amesimama mlangoni, kifaa mkononi.

“Kiliganda,” akasema. “Nilikiita jina lako, hakikusikia. Nikakumbuka ulivyosema. Nikabonyeza, nikahesabu ishirini. Nilihesabu kwa Kinyaturu, labda ndiyo maana kilichelewa.”

“Kikaamka?”

“Kimeamka. Nimeendelea.” Akakaa. “Tofauti ya bei ya hivi viwili ni mbuzi wangapi?”

“Watatu, dada. Labda wanne.”

“Wanne wapo. Wananisumbua tu kwenye mahindi.”

Mungaa hadi Shelui, na kurudi tena

Mambo mengine yalikwenda upesi, mbuzi wakauzwa. Jumatano nilikuwa Shelui na kifaa cha Mayunga kwenye kitambaa, mfuko na mpira kama nilivyopewa. Alikifungua, akaenda moja kwa moja kwenye riwaya aliyokuwa akiisoma, akakunja uso. Pembeni ya swali alilokuwa ameandika kuhusu mhusika mmoja, dada yangu alikuwa amejibu kwa kidole: *Si mwoga, anamlinda mama yake. Soma tena ukurasa uliotangulia.*

Sikujua kabisa kwamba Agatha alikuwa ameingia kwenye vitabu vya watu. Nilianza kuomba radhi. Mayunga aliinua mkono ninyamaze, akarudi ukurasa uliotangulia, akasoma akiwa amesimama kando ya lori, wenzake wakipiga honi. Aliposhusha kifaa alisema, “Yuko sahihi,” kisha akaomba nisifute zile hadithi za Kinyaturu. Anataka kuzisoma na mama lishe kila akipita.

Nilimrudishia Bwana Salim chake, naye akaagiza kishikwambi kipya cha aina ya Mayunga kutoka Dar es Salaam na kikafika kwa basi siku mbili baadaye. Hakuongeza faida yake juu ya bei. Alikaa na mimi asubuhi nzima akiingiza fonti, akifuta kila programu ambayo dada hangeihitaji, mpaka kioo kikabaki na alama mbili tu: vitabu na kamusi.

Jumamosi nilikifikisha Mungaa. Dada alikuwa ananingoja, meza ameiweka karibu na dirisha, kiti upande wa mwanga. Nilimpa na ile asali ya mama wa Itigi, nikamwambia imetoka kwa nani na aliniambia nini. Alilamba kidogo, akafunga kifuniko, akaanza kazi. Hakunishukuru. Niliwasha moto mwenyewe, nikapika chai mwenyewe, nikamwekea kikombe kikapoa.

Gari la kunipeleka Ikungi lilipopiga honi barabarani, niliaga. Hakusikia. Niliaga tena. Mara ya tatu aliinua mkono mmoja bila kuinua macho, kama mtu anayekatizwa kazini, na kidole cha mkono wa pili kilikuwa tayari kimegusa kioo, kinarekebisha kosa langu.